Noah namba C au IST namba D? Hesabu za familia moja ya Tabora

Dada yangu ni muuguzi, mumewe anafundisha sekondari. Wanakaa Ipuli, mjini Tabora, na wana shamba la mahindi na karanga upande wa Urambo. Ukifika Usoke unaacha lami na kuingia barabara ya vumbi. Gari lao ni Toyota Noah ya mwaka 2000, ile ya zamani yenye injini ya 3S, namba C, yaani herufi za kwenye kibao chake zinaanza na C. Ndani ya mwaka mmoja lilichemsha mara tatu, mara ya mwisho likawalaza njiani karibu na Ndono wakiwa na mzigo. Dada akasema basi, liuzwe, wanunue IST, ile Toyota ndogo. Shemeji akasema gari halina ubaya wowote, ila limepata mafundi wabaya. Nikaitwa mimi, kwa sababu kazi yangu ni hesabu, na pia kwa sababu kila mmoja aliamini niko upande wake.

Shemeji ana tabia moja ninayoiheshimu: kila shilingi inayoingia kwenye gari anaiandika kwenye daftari. Tulikaa nalo jioni nzima. Matengenezo ya miezi kumi na miwili yalifika shilingi 2,500,000, bila mafuta. Dada alipouona mjumlisho huo akaona hoja imeisha. Gari lenye thamani ya milioni sita na nusu linakula milioni mbili na nusu kwa mwaka. Nani ataendelea kulilisha?

Lakini mjumlisho unaficha mengi. Sevisi nne za oili na filta, 400,000. Tairi mbili, 320,000. Betri, 260,000. Hizo ni 980,000 ambazo gari lolote lingedai, liwe limetoka kiwandani jana au enzi za Mwalimu. Zikabaki 1,520,000. Humo, shokapu za mbele na bushi zilichukua 420,000, na hizo ni za barabara ya shamba zaidi kuliko za umri. IST ikipita palepale nayo itazidai, tena mapema, kwa sababu iko chini. Zilizobaki, 1,100,000, zote zilikuwa za ugonjwa mmoja wa kuchemsha: pompa ya maji 180,000, kusafisha na kuziba rejeta 120,000, kuvutwa kutoka Ndono 150,000, na gasket ya silinda hedi 650,000. Ugonjwa mmoja umelipiwa mara nne na bado upo.

Hapo ndipo nilipowaomba tusizungumzie kuuza kwanza. Huwezi kujua kama gari limezeeka wakati hujajua linaumwa nini. Uzee na ugonjwa usiotibiwa vinafanana sana ukiwa kando ya barabara na boneti liko juu.

Tukalipeleka kwa fundi mwingine, Isevya, mzee asiyependa maneno mengi. Alisubiri injini ipoe kabisa, akafungua kifuniko cha rejeta, akachovya kidole. Maji mekundu ya kutu. Kulanti, ile dawa ya kupozea injini, hakuna hata tone, maji ya bomba matupu. Akakitazama kifuniko kwa ndani, akaubonyeza mpira wake kwa ukucha. Ulikuwa umekauka na kupasuka pembeni. Kisha akafungua nati mbili za kijumba cha themostati, akamwita shemeji aangalie. Ndani hamna kitu. Fundi wa gereji ya kwanza alikuwa ameitoa na kufunga kijumba kitupu.

Hii ni desturi ya mafundi wengi wa kwetu, na sababu wanayotoa huwa ileile: nchi ya joto haihitaji themostati, inazuia maji. Themostati kweli inazuia maji, lakini kwa makusudi. Injini ikiwa baridi inaziba njia ya kwenda kwenye rejeta. Joto likifika nyuzi themanini na kitu inafunguka. Kwenye injini nyingi za Toyota inafanya na kazi ya pili ambayo haionekani: ikifunguka upande mmoja, inaziba njia ya mkato ambayo maji huizungukia injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo ya mkato inabaki wazi siku zote. Mjini utaona mshale wa joto uko chini, ukafurahi. Ukipakia gunia tano na kushika kasi ya barabara kuu juani, sehemu ya maji inarudi kwenye injini na moto wake.

Kifuniko nacho si kofia ya kuzuia vumbi tu. Kinashikilia mgandamizo, na maji yenye mgandamizo huchelewa kuchemka. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji matupu yasiyo na mgandamizo huchemka kabla hata ya kufika nyuzi 100. Kifuniko kilichopasuka mpira, maji bila kulanti, themostati imetolewa, rejeta iliyozibwa nusu ya mirija yake ili isivuje: kwa hali hiyo kuunguza gasket ilikuwa suala la muda tu.

Na kulikuwa na hasara nyingine ambayo haikuandikwa popote kwenye daftari. Injini isiyofikia joto lake inadhani kila saa ni asubuhi, na kompyuta yake inaendelea kuimwagia petroli ya ziada. Noah hii ilikuwa inatoa kilomita 8 kwa lita, na wote walikwisha kubali kwamba "Noah ndivyo zilivyo".

Kabla ya kununua chochote fundi alipima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Silinda zote nne zilikaribiana, hakuna iliyoachwa nyuma. Hakuna mapovu kwenye rejeta, oili safi. Injini ilikuwa imeponea chupuchupu. Alitaka rejeta mpya, themostati, kifuniko, mipira ya maji yote na kulanti. Pamoja na ufundi ikawa 750,000. Rejeta iliagizwa Kariakoo ikaja na basi la usiku. Dada alikubali hela hiyo itoke kwa sababu moja: hata wakiuza, hatamuuzia mtu gari linalochemsha. Dalali alikuwa amewaambia wauze hivyohivyo, "mnunuzi atajua mwenyewe mbele ya safari". Dada alimwangalia tu.

Gari lilipotoka wakajaza tangi hadi shingoni, wakaenda shamba wakarudi na mzigo, wakajaza tena na kugawanya. Kilomita 9 na nusu kwa lita. Mshale wa joto haukutoka katikati.

Sasa hesabu ya IST ikawezekana kupigwa kwa haki.

IST yenyewe niliiona kwa macho. Ilikuwa kwenye yadi, nyeupe, namba D, imepakwa polishi hadi tairi, bei milioni 13 na nusu baada ya kuvutana. Dada aliipenda papo hapo. Nikaomba kadi. Mwaka wa kutengenezwa: 2004. Hapa watu wengi huumia. Herufi ya namba inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii lilizaliwa lini. IST za kizazi cha kwanza, ambazo ndizo zimejaa mitaani kwetu, zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Dada alikuwa anatoka kwenye gari la 2000 kwenda kwenye gari la 2004, akiamini anaruka kizazi kizima kwa sababu C imekuwa D.

Nikainua zulia la buti nikatoa tairi la spea. Kwenye shimo lake kulikuwa na kutu iliyokwisha kula bati, si ile ya juujuu unayoifuta kwa kidole. Nikalala chini nikamulika na simu: sehemu za kuwekea jeki nazo zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi mbichi, na rangi mbichi chini ya gari la miaka ishirini haiwekwi kwa mapambo. Dalali akasema gari limetoka Dar, "la mama mmoja ofisini". Sikuwa na sababu ya kumbishia. Gari lililokaa miaka karibu na bahari, au lililotoka sehemu za Japani zenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, hubeba kutu ambayo huku bara hatuizoei. Noah yao imekaa Tabora tangu inunuliwe. Vumbi imekula, ila chini ni kavu. Injini unaweza kununua iliyotumika, gia boksi vilevile. Bodi ikioza, hakuna duka.

Hata hivyo IST nyingine zipo, na nisingependa hoja nzima isimame juu ya gari moja bovu. Tukachukulia imepatikana iliyo safi kwa bei ileile. Petroli tuliipiga shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Bei halisi hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na sisi wa mikoa ya mbali na bandari hulipa zaidi ya Dar. Matembezi yao kwa mwaka ni kama kilomita 10,000: kazini na shuleni kila siku, shamba mara mbili kwa mwezi.

Noah iliyopona, kwa kilomita 9 na nusu kwa lita, itakula petroli ya kama milioni 3.16 kwa mwaka. IST kwa kilomita 14 itakula milioni 2.14. Kwa miaka mitatu IST inaokoa karibu milioni 3.05. Matengenezo yasiyo ya kawaida nilitenga milioni 1.2 kwa mwaka kwa Noah na nusu milioni kwa IST. Hapo IST inaokoa milioni 2.1 nyingine. Ongeza taiming belti ya Noah, 250,000, kwa kuwa hakuna ajuaye ilibadilishwa lini na injini ya 3S inataka belti mpya kila kilomita 100,000 (ya IST ni cheni). Jumla, faida ya kuhamia IST ni kama milioni 5.4.

Upande wa pili: mkopo wa SACCOS wa milioni 7 na nusu, baada ya kuuza Noah na kulipia uhamisho wa umiliki na vikorokoro vyake vya kama nusu milioni. Riba ya asilimia 15 kwa miezi 36 ni marejesho ya 260,000 kila mwezi, na riba yenyewe inafika milioni 1.86. IST itashuka thamani zaidi kuliko Noah, ambayo imekwisha kushuka ilipofika. Nikaweka tofauti ya milioni 1. Na mzigo: IST haibebi gunia. Kirikuu kutoka shamba hadi mjini ni 120,000, safari sita kwa msimu, miaka mitatu, milioni 2.16. Pamoja na ile nusu milioni ya uhamisho, gharama ni kama milioni 5.5.

Kwa maneno mengine, sare. Tofauti ya laki moja na ushee kwa miaka mitatu ni hewa. Tairi moja likipasuka Usoke linaimeza. Ningepiga hesabu hiyohiyo kabla ya kwenda Isevya, kwa kilomita 8 kwa lita na milioni mbili na nusu za daftari zote zikitupiwa Noah, IST ingeshinda kwa zaidi ya milioni 5. Themostati ilikuwa imebeba uamuzi mzima wa familia na hakuna aliyejua haipo.

Sikuingiza bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe. Sasa Noah ina bima ndogo ya 118,000. Mtu mwenye gari la mkopo akilitembeza na bima ndogo anacheza kamari na mshahara wake, maana gari likigonga mti deni halifi nalo. Bima kubwa ya IST ingeongeza zaidi ya laki nne kwa mwaka, na hapo Noah inapita mbele wazi.

Binamu yetu aliyeko Dar alipendekeza tuagize Japani, kitu "kipya machoni". Hili halikuchukua muda. Gari likifika bandarini na gharama ya milioni 10, ushuru wa forodha wa asilimia 25 unalifikisha 12.5. Kama limepita miaka 10, ushuru wa uchakavu ni asilimia 30, ambao ni milioni 3.75, na injini ya kati ya cc 1,001 na 2,000 inaongeza asilimia 5. Juu ya hayo yote VAT ya asilimia 18. Unakaribia milioni 20 kabla ya wakala, usajili na tozo nyingine, na TRA hutumia thamani ya kwenye mfumo wao, si risiti uliyotumiwa. Wenye kipato cha kulipia hayo hawakopi SACCOS ili wafike.

Kwa kujifurahisha nilipiga pia hesabu ya kutokuwa na gari kabisa: bajaji za kila siku, na kukodi gari siku za shamba. Ilitoka karibu milioni 5 kwa mwaka, chini ya walichokuwa wakitumia kwenye Noah iliyokuwa ikichemsha. Niliwaonyesha. Wote wawili walinitazama kama nimetukana, na sikuirudia. Gari katika familia ya Kiswahili halihesabiwi kwa kilomita. Linahesabiwa kwa misiba, wagonjwa wa saa nane usiku na wageni wa stesheni.

Na hapo ndipo Dada alipotoa sababu yake ya kweli. Noah ina viti vinane. Kila msiba, kila send-off, kila mtoto wa jirani anayekwenda bweni, simu inaanzia kwao. Petroli ni yao, sevisi ni yao, na ukikataa umeringa. "Nikiwa na IST," alisema, "wataingia wanne, wengine watajipangia." Shemeji alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka sana, kwa kuwa ni hoja ya fedha kama nyingine: kilomita ambazo hazikuwa za kazini wala za shamba hazikuwemo hata kwenye zile 10,000 zangu. Gari dogo lina faida ya kuwa dogo, na hakuna kikokotoo kinachoijua.

Ushauri wangu ulikuwa wabaki na Noah. Hesabu ikitoka sare, chukua upande ambao ukikosea unaweza kusimama. Noah ikiwashinda mwaka ujao, wanaacha kuiwekea hela siku hiyohiyo na kuuza. Mkopo hauachwi, 260,000 inakatwa hata gari likiwa juu ya mawe, na mtoto wao wa kwanza anaingia kidato cha tano. Halafu magonjwa ya Noah wanayajua. Ya IST wangeyajua wakiwa wamelipa.

Ila sikutaka "tubaki nalo" iwe ndoa ya kudumu, maana ndivyo watu wanavyofika kutengeneza gari la milioni sita kwa milioni saba, laki mojamoja. Tukaandika kwenye daftari lilelile. Gia zikianza kuteleza au kuchelewa kushika, hakuna kufanya oveholi ya gia boksi. Gari linauzwa kwa hali hiyo na mnunuzi anaambiwa. Kutu ikionekana kwenye fremu au sehemu za jeki, linauzwa. Matengenezo, ukiacha sevisi, tairi na betri, yakipita milioni 2 ndani ya mwaka, linauzwa bila kikao. Kila mwezi wanaweka 200,000 pembeni kana kwamba ni marejesho ya mkopo. Baada ya miaka mitatu zitakuwa milioni 7.2, Noah ikiuzwa hata milioni 5, wana milioni 12 taslimu na hawamwombi mtu riba.

Shemeji akaongeza kipengele cha msimu, na ni kizuri: kuuza wakati wa masoko ya tumbaku, wakulima wa Urambo na Kaliua wakiwa na fedha mkononi na Noah zinagombewa, na kununua Januari, wenye magari wakitafuta ada.

Dada alisaini, lakini aliongeza kwa mkono wake mstari mmoja chini: gari la misiba, petroli wachange waombolezaji. Shemeji anasema hautatekelezeka. Mpaka naandika haya bado wanabishana kuhusu huo mstari, si kuhusu gari.